Miaka saba na godoro sakafuni: nitie saini, au nisubiri kurudi?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 36. Ninaishi ugenini, katika mji mkubwa ambao nakuomba uniruhusu nisiutaje, kwa sababu tulioko huku tunafahamiana na sitaki mtu asome aseme huyu ni fulani. Nilikuja kwa kazi ya miaka miwili. Huu ni mwaka wa saba.

Ninafanya kazi kwenye ghala, tunapanga na kufungasha vifurushi. Zamu inaanza saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo saa tisa na nusu niko macho. Basi la kwanza huwa na watu walewale: mama mwenye kofia ya kufuma, kijana anayelala ameegemeza kichwa dirishani, mzee anayekaa nyuma ya dereva kila siku. Miaka minne tumepanda basi moja na sijui jina la hata mmoja wao. Tunaamkiana kwa kichwa tu. Lakini siku mzee yule asipotokea, moyo wangu hautulii mpaka nimwone tena, na yeye hajui kama kuna mtu anamhesabu.

Kazini wananiita jina ambalo si langu. Siku ya kwanza msimamizi alijaribu kulitamka jina langu mara mbili, likamshinda, akachukua kipande cha mwanzo akasema, "Nitakuita hivi." Nikakubali, nikijua ni kwa muda mfupi. Sasa kipande hicho kimechapwa hadi kwenye kitambulisho changu cha kazi. Juzi dada yangu alinitaja jina kamili kwenye simu, nikashtuka kana kwamba anaitwa mtu mwingine.

Lugha ya huku naielewa. Najaza fomu zangu mwenyewe, naongea na daktari bila mkalimani. Ila utani unanipita. Wenzangu wanacheka, nami nacheka baada yao kidogo, kisha nikiwa kwenye basi narudia maneno yale kichwani kutafuta kilichochekesha. Nikikipata, hakuna wa kucheka naye.

Halafu kuna maswali. Mtu yeyote niliyesimama naye kwenye foleni anaweza kuniuliza, "Unatoka wapi?" Hilo nimelizoea. Linaloniumiza ni linalofuata: "Na utarudi lini?" Huwa najibu, "Mwakani." Nimesema mwakani kwa miaka saba, Shangazi.

Nikueleze chumba changu. Godoro liko sakafuni. Sanduku nililokuja nalo liko wazi pembeni ya ukuta, nguo natoa humo na kurudisha humo. Sikununua kitanda kwa sababu kitanda ni kitu cha mtu anayekaa. Dirishani nimebandika karatasi badala ya pazia. Nina vikombe viwili, kimoja kimepata ufa. Hakuna mtu aliyewahi kuingia humo kunitembelea. Mwenzangu mmoja wa zamu amenialika kwake mara mbili, nikatoa udhuru mara zote mbili, maana nikila kwake, yeye nitamkaribisha wapi?

Nusu ya mshahara naituma. Kuna nyumba ninayojenga kule, imesimama kwenye lenta kwa mwaka wa tatu sasa.

Miaka miwili iliyopita nilipata likizo nikaenda kuwaona. Mtoto wa dada yangu, aliyezaliwa mimi nikiwa huku, alikimbilia ndani akipiga kelele, "Mgeni amekuja!" Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikapewa kiti kizuri. Baadaye nikasikia kiu, nikainuka kuchukua kikombe, nikafungua kabati ambalo vikombe havimo. Mama akaniambia, "Kaa mwanangu, utaletewa." Nikakaa. Wiki ya tatu nilijikuta nalifikiria basi la alfajiri, mama wa kofia na yule mzee, na nikajichukia kwa kulifikiria.

Sasa jambo lililonifanya niandike. Mwezi uliopita mama alinipigia nikiwa natoka kazini, mvua inanyesha, simu nimeibana begani. Nikamwambia, "Mama, ngoja nifike nyumbani nitakupigia." Akanyamaza. Kisha akauliza, taratibu kabisa, "Nyumbani wapi?" Sikuwa na jibu. Nikasingizia mtandao, nikakata. Mama alikuwa akiniuliza kila Jumapili nitarudi lini. Tangu siku ile hajauliza tena. Baba mdogo naye akanitumia ujumbe wa mstari mmoja: "Nyumbani ni nyumbani hata kama ni pangoni."

Na kana kwamba hayo hayatoshi, mwenye nyumba wangu ameniambia nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya pili, itakuwa wazi, na angependa kunipa mimi kwa sababu nalipa kwa wakati. Kodi naimudu nikipunguza kidogo ninachotuma. Lakini mkataba ni wa miaka miwili, na anataka jibu kabla ya tarehe 30. Nimeishika kalamu mara tatu. Naona nikitia saini nitakuwa nimemwambia mama kwa maandishi kwamba sirudi. Nisipotia, nitaendelea kulala sakafuni, na sijui namsubiri nani.

Nifanyeje?

Mwenye Sanduku

*

Marahaba mwanangu.

Tia saini. Nimelitanguliza jibu kwa sababu una tarehe ya kulitoa, na sipendi uisome barua yote huku ukilitafuta. Lakini kabla kalamu haijagusa karatasi, ongea na mama yako. Na mkataba wenyewe una vipengele vya kutazama, nitavifikia.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama kwenye ile sentensi kwamba kitanda ni kitu cha mtu anayekaa. Umekaa miaka saba. Umelipa kodi kila mwezi bila kuchelewa, mpaka mwenye nyumba anakuchagua wewe kati ya watu wengine. Unajua nani hukaa kiti kipi kwenye basi la kwanza. Kukaa umeshakaa, kilichobaki ni mgongo wako kupumzishwa kama migongo ya wakazi wenzako.

Kulikuwa na mwanasosholojia aliyeitwa Abdelmalek Sayad, mzaliwa wa Algeria aliyehamia Ufaransa, akafanya kazi huko hadi alipofariki mwaka 1998. Miaka mingi aliitumia kuwasikiliza wahamiaji wenzake, wengi wao vibarua wa viwandani walioondoka makwao wakisema ni kwa muda. Aliona muda ule haukwishi, na mhamiaji mwenyewe hathubutu kusema haukwishi. Aliona pia kwamba mhamiaji hauigizi huo "muda" peke yake. Nchi aliyomo inaupenda, kwa kuwa mtu wa muda hadai mengi. Walioachwa nyuma wanaupenda, kwa kuwa unawaepusha na uchungu wa kukiri kwamba mtoto wao ameondoka kweli. Na yeye anaupenda, kwa kuwa ndio unaomwezesha kuamka kesho yake akaenda kazini.

Sasa itazame ile simu yenu ya Jumapili. Mama anauliza utarudi lini, wewe unajibu mwakani. Sidhani kama mama yako aliamini "mwakani" ya tano. Aliipokea kwa sababu ilikuwa njia yenu ya kuambiana kwamba bado mnashikana. Wewe ulikuwa umeshika ncha moja ya kamba, yeye ncha nyingine. Siku ile ya mvua uliiachia bila kujua, na yeye akahisi kamba imelegea. Unyamavu wake nausikia hivyo. Baba yako mdogo ameusikia vingine, akakuletea methali. Methali yake ni nzuri, ila haikumsaidia mama yako wala haikukusaidia wewe.

Nikae kidogo kwenye neno lenyewe, kwa sababu naamini nusu ya maumivu yako imo humo. Lugha yetu imetupa maneno zaidi ya moja, na wewe umeyabana yote katika moja. Kuna kwetu. Kwetu ni neno la wingi: humo yumo mama yako, dada yako, baba mdogo, na waliotangulia mbele ya haki ambao hukuwahi kuwaona. Mtu anaweza kukaa mbali miaka hamsini, ukimwuliza "kwenu ni wapi?" akakujibu bila kufikiri. Kwetu hakumwishi mtu kwa kununua kitanda mahali pengine. Halafu kuna kwangu, neno la mtu mmoja. Kwangu ni pale ambapo ufunguo ulio mfukoni mwako unafungua mlango. Kijana akioa, akajenga hatua ishirini kutoka kwa wazazi wake, jioni huinuka akasema "naenda kwangu," na mama yake hanuni. Angenuna kama asingekuwa nako. Nyumbani nalo hubeba yote mawili, ndiyo maana lilikuponyoka. Ulilolisema siku ile ni kwamba unakwenda ndani ya nyumba, mvua isikunyeshee. Alilolisikia mama ni kwamba umebadilisha kwenu.

Kwa hiyo mpigie. Usingoje Jumapili ikukute barabarani. Keti, funga mlango, mpigie wewe kwanza. Mwambie hivi, au kwa maneno yako yaliyo karibu na haya: "Mama, siku ile nilisema nyumbani, nikaona umenyamaza, na mimi nikakimbia. Naomba radhi kwa kukimbia. Kwetu ni huko uliko, hilo halibadiliki. Lakini huku sina kwangu. Miaka saba nalala chini. Nimepata nyumba ya vyumba viwili, nataka kuipanga, na nimeona nikuambie wewe kabla sijamjibu mwenye nyumba."

Nina hakika hajui kwamba unalala chini. Wewe hukumwambia, na simu yako ya video huonyesha uso wako na ukuta. Mama wengi wakiujua ukweli wa namna hii, swali lao linageuka. Atakuuliza chumba cha pili ni cha nini. Mwambie.

Akilia, mwache alie, usikate. Akiuliza utarudi lini, usiseme mwakani. Mwambie lini utakwenda kumwona, na utaje mwezi ambao umeuhakikisha kwa msimamizi wako wa kazi. Mwezi mmoja wa kweli una uzito kuliko "mwakani" zote saba.

Inawezekana kabisa unataka kurudi, kurudi kabisa. Watu hurudi, na sina neno dhidi yao. Ila anayerudi ana mwaka, ana kiasi cha fedha anachokifikia, ana kazi au biashara anayoiendea, na vitu hivyo unaweza kuvikuta vimeandikwa mahali. Chukua karatasi usiku wa leo, andika mwaka. Ukiweza kuuandika bila mkono kusita, basi miaka miwili ya mkataba itaingia ndani ya mpango huo na hutapoteza kitu. Ukishindwa, mkono wako umekujibu, na bado unahitaji mahali pa kulala.

Sitakuahidi kwamba nyumba mpya itakuondolea hamu ya kwenu. Hamu hiyo ina historia ndefu. Mwaka 1688 mwanafunzi wa udaktari aliyeitwa Johannes Hofer aliiandikia tasnifu mjini Basel, akaichukulia kuwa ni ugonjwa kamili, akaipa jina la kitabibu kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki: kurudi, na maumivu. Kati ya wagonjwa aliowaeleza yumo kijana aliyedhoofika sana akisoma mbali na kwao, na alipotiwa njiani kurudishwa akaanza kupata nafuu kabla hajafika. Nakuambia haya ili usijione dhaifu. Umoja wa Mataifa ulikadiria mwaka 2024 kwamba watu milioni 304 duniani wanaishi nje ya nchi walizozaliwa. Wengi wao, naamini, wana kitu kama lile sanduku lako.

Mimi pia nilikuwa nalo, kwa namna yangu. Niliishi mji wa watu miaka kumi na mmoja, na mitano ya kwanza nilikuwa na kiti kimoja, sahani moja, kijiko kimoja. Nilijiambia ni kubana matumizi. Jioni moja jirani alibisha hodi akilia. Alikuwa amepigiwa simu kwamba mama yake amefariki, na mlango wangu ulikuwa wa kwanza wenye taa. Nilimpa kiti, nikasimama. Alipoona nimesimama, naye akasimama. Tukaishia sakafuni, mgongo ukutani, mpaka ndugu yake akaja kumchukua. Alipoondoka nilikitazama chumba changu nikaona kwamba nilikuwa nimekipanga ili mtu asiingie. Kesho yake nilinunua viti viwili, na hapo ndipo nilipoanza kuishi katika mji ule. Jirani yule mpaka leo tunajuliana hali.

Ndiyo maana ule mwaliko wa mwenzako wa zamu umenisumbua kuliko godoro. Nenda. Hakualika ili umlipe. Yuko mtafiti wa Marekani, Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, aliyechapisha mwaka 2018 utafiti kuhusu muda ambao urafiki huhitaji, na baadhi ya aliowachunguza walikuwa watu wazima waliokuwa wamehamia mahali papya. Aliona inachukua takriban saa 50 za kuwa pamoja mpaka mtu unayemfahamu tu awe rafiki wa kawaida, kama saa 90 mpaka awe rafiki hasa, na zaidi ya 200 mpaka awe wa karibu. Na saa za kuwa pamoja kazini tu hazikusogeza urafiki kama zile ambazo watu walikaa pamoja kwa kupenda. Hapo ndipo naona jibu la jambo ambalo huenda umejilaumu kwalo: umesimama na watu hao kwenye mstari mmoja maelfu ya saa, na bado utani wao unaufikiria peke yako kwenye basi. Saa zile hazikuwa za aina inayojenga. Mbili za mezani kwake zitaanza kuhesabika. Na huo utani, mwulize hapohapo, "Hapo mmecheka nini?" Mtu anayependa kuchekesha hufurahi kuulizwa.

Mzee wa kwenye basi ana haki ya kujua kwamba kuna mtu anamkosa. Siku akirudi baada ya kupotea, mwambie tu, "Jana sikukuona." Maneno hayo hayahitaji lugha kubwa. Hata kama hamtakuwa marafiki kamwe, watu wa salamu ni mali. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alionyesha mwaka 1973 kwamba aghalabu habari ya kazi mpya mtu huipata kwa wale anaowajua juu juu, kuliko kwa marafiki wa ndani, kwa kuwa marafiki wa ndani wanajua yaleyale unayoyajua wewe. Wewe una miaka minne ya watu kama hao na hujawafungulia mdomo.

Jina lako lirudishe. Hili nalisema kwa msisitizo, kwa sababu umeliandika haraka haraka kana kwamba ni dogo. Kulikuwa na haya siku ya kwanza, na haya ya siku ya kwanza inasameheka. Mwaka wa saba ni mwingine. Mwendee msimamizi nje ya kelele za zamu, umwambie, "Jina langu ni hili, naomba tulitumie lote," ulikate silabi kwa silabi, umwache alijaribu. Atalikosea wiki mbili. Watu wanaotamka majina marefu ya wachezaji mpira kutoka kila pembe ya dunia, tena kwa kuyapigia kelele, wataliweza na lako. Kisha omba kitambulisho kingine.

Kuhusu wanaouliza utarudi lini, wajibu, "Naishi hapa." Lisemwe kwa upole na lisifuatwe na maelezo. Wengi huuliza kwa kukosa la kusema. Wachache huuliza kwa nia nyingine, na hao nao hilo jibu linawatosha.

Tuje kwenye pesa. Nusu ya mshahara ni nyingi, na nyumba iliyosimama kwenye lenta miaka mitatu inaeleza kwamba hata hiyo nusu haitoshi kufanya yote. Usipunguze kimyakimya. Kupunguza bila kusema kutamfikia mama kama ule unyamavu ulivyokufikia wewe: kila mtu atajaza maana yake. Waambie mapema kiasi kipya na mwezi kinapoanza. Tazama pia unavyotuma. Takwimu za Benki ya Dunia zinaonyesha kwamba kwa wastani, anayetuma kiasi kidogo kuvuka mipaka hukatwa zaidi ya asilimia 6, wakati shabaha iliyowekwa na Umoja wa Mataifa ni chini ya asilimia 3 ifikapo mwaka 2030. Ukituma vipande vinne kwa mwezi kila anayepiga simu na shida yake, kuna ada za kudumu unazilipa mara nne. Tuma mara moja, linganisha watumaji wawili au watatu, na tazama kiwango cha kubadilishia fedha, maana huko ndiko makato mengine hujificha. Na ile nyumba, jiulize ni ya nani kuikaa. Kama ni ya mama, maliza chumba kimoja na paa lake ahamie. Kama ni yako, inaweza kungoja.

Mkataba usome ukiwa umeshiba na umelala vya kutosha. Angalia notisi ni ya muda gani ukitaka kuondoka kabla ya miaka miwili, na utadaiwa nini. Angalia masharti ya kurudishiwa pesa ya dhamana. Angalia kama kodi inaruhusiwa kupanda katikati. Linganisha tarehe ya mwisho ya mkataba na ya kibali chako cha kuishi, na kama kibali kinaisha mapema, uliza kabla ya kusaini itakuwaje kisiporefushwa. Siku ya kukabidhiwa funguo piga picha kila chumba, kila doa na kila mita, umtumie mwenye nyumba siku hiyohiyo.

Jambo moja kuhusu safari yako ijayo kwa mama. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huisoma kama ukali kwa mgeni. Mimi naisoma kama heshima, kwa sababu aliyepewa jembe ameshahesabiwa katika watu wa pale. Wewe ulipoambiwa "kaa, utaletewa," ulikaa, na ukakaa wiki tatu. Safari hii usikubali kiti siku ya kwanza. Osha vyombo, na ukiviosha utajua vikombe vinawekwa wapi sasa. Mchukue mtoto wa dada yako muende naye popote anapotumwa. Atakapokuzoea hutakuwa mgeni kwake, utakuwa mjomba anayekaa mbali.

Mpigie mama kesho au keshokutwa, si baada ya hapo, ili ubaki na siku za kumsikiliza kabla ya tarehe 30. Ukihamia, kitanda kitangulie pazia. Vikombe nunua vinne.

Shangazi